Mteja msumbufu wa usafi: umwekee masharti, umpandishie bei, usimamishe kazi au muachane?

Jumamosi saa tano asubuhi simu inaita. Ni kijana wako aliyeko Mbezi Beach, anaongea kwa sauti ya chini kama yuko msibani: "Bosi, mama kapitisha kitambaa cheupe juu ya mlango wa stoo. Anasema turudie nyumba nzima." Nyumba nzima ni vyumba vinne, sebule mbili na veranda. Saa nane mchana mnatakiwa Tabata, kwa mteja ambaye hajawahi kukusumbua hata siku moja. Huyo wa Tabata ndiye atakayesubiri.

Kila mwenye kampuni ndogo ya usafi Dar es Salaam anaijua simu hiyo. Ukiomba ushauri kwa wenzako utapata majibu mawili. Wa kwanza atakwambia mteja ni mfalme, vumilia. (Mfalme gani huyo anayeomba apunguziwe elfu tano kila Jumamosi, sijui.) Wa pili atakwambia achana naye, wateja wapo. Wote wawili hawatalipa posho ya vijana wako jioni ile.

Kati ya kuvumilia na kuondoka kuna njia nne ambazo nimezitumia kwa nyakati tofauti: kubaki kwa masharti mapya, kupandisha bei, kusimamisha kazi mpaka mteja alipe, na kuachana naye kabisa. Moja niliitumia vibaya, nitaeleza ilivyonigharimu. Nazipima zote kwa vigezo vilevile ili uone ipi inakufaa wewe.

Mgumu si lazima awe msumbufu

Kabla ya kupima lolote, jiulize unashughulika na nani. Niliwahi kuwa na mteja Mikocheni aliyetukataza kugusa sakafu yake na limau, siki au dawa ya choo. Vijana walimwona mwenye maringo. Kumbe alikuwa sahihi kuliko sisi: sakafu ile ilikuwa ya marumaru ya mawe ya asili, siyo vigae vya kawaida, na mawe yale ni jamii ya chokaa. Asidi yoyote inayala, inaacha mabaka yaliyofifia ambayo hayatoki kwa sabuni. Mama yule alikuwa mgumu, ila alilipa tarehe moja kila mwezi na kutufundisha kazi bure.

Kuna pia lawama ambazo hazina mwenye kosa. Nyumba nyingi za huku pwani zinatumia maji ya kisima yenye chumvi. Ukiosha kioo kwa maji hayo na jua likakikausha kabla hujakipangusa, yanabaki madoa meupe, na mteja ataapa kwamba hamkugusa dirisha. Hapo dawa ni kubeba dumu la maji ya bomba yasiyo na chumvi na kumweleza mwenye nyumba sababu.

Msumbufu ninayemzungumzia ni yule ambaye ukirekebisha hiki analeta kile, makubaliano ya jana leo hayakumbuki, na siku ya malipo simu yake haipatikani.

Vigezo

Cha kwanza ni hesabu ya mwezi mzima, siyo bei iliyoandikwa kwenye ankara. Wahenga wa sokoni walishasema, biashara asubuhi, jioni mahesabu. Tuchukue mfano wa nyumba inayosafishwa kila Jumamosi na vijana wawili kwa 320,000 kwa mwezi. Posho ni 15,000 kwa kila mmoja kwa siku, mara nne, jumla 120,000. Nauli na kubeba vifaa 40,000. Dawa, sabuni na matambara 30,000. Inabaki 130,000, na kwenye daftari huyu anaonekana mteja mzuri.

Sasa ingiza usumbufu. Kaita mara mbili katikati ya wiki mkarudie, kila safari kijana mmoja na bodaboda 18,000, jumla 36,000. Mwisho wa mwezi kakata 20,000 "kwa ajili ya lile dirisha". Kalipa wiki tatu baada ya tarehe, wewe ukakopa kwenye simu ili vijana wasilale njaa, ada na riba 20,000. Umebaki na 54,000, na hapo hujahesabu saa sita ulizokaa WhatsApp ukibembeleza. Mteja wa 240,000 asiye na neno anaweza kukuachia 90,000 na usingizi wako.

Cha pili: usumbufu huo anaubeba nani? Wewe unausikia kwenye simu tu. Anayesimamiwa nyuma wakati anadeki, anayeambiwa "nyie watu wa uswahilini hamjui usafi", ni binti aliyeamka saa kumi alfajiri Gongo la Mboto. Mimi naona kigezo hiki ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu mteja unampata kwa mwezi mmoja, lakini mfanyakazi mwaminifu unayeweza kumwachia funguo za nyumba ya watu unamtafuta hata mwaka.

Cha tatu: je, lalamiko lina ukweli? Fungua ujumbe wa wateja wako wengine. Kama watatu kati yao wamesema pembe za bafu hazisuguliwi, basi tatizo ni brashi yenu au haraka yenu, na kumwacha huyu mmoja hakutabadilisha kitu.

Cha nne ni uzito wake katika mapato. Mteja mmoja akizidi theluthi ya fedha inayoingia, hata kama anastahili kuachwa, wewe hujawa tayari kumwacha. Na cha tano ni jina: anajulikana na nani, na akisema, nani atamsikiliza?

Yasiyopimwa

Mambo machache hayaingii kwenye mizani hii. Yakitokea, vijana wanabeba ndoo zao siku hiyohiyo.

Mteja, mumewe au mgeni wao akimshika mfanyakazi au kumtaka kimapenzi, kazi imekwisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi kazini. Sheria pembeni, sijui utamwangalia vipi machoni binti uliyemrudisha nyumba ileile wiki iliyofuata.

Mteja akimfungia mfanyakazi ndani au kumvua nguo kwa madai kwamba pete imepotea, vilevile. Pete ikipotea kuna polisi, na wewe unakwenda naye kituoni mkaandikishe maelezo. Hakuna anayepekuliwa jikoni. Ndiyo maana nyumba ngeni hatuingii mmoja mmoja, tunaingia wawili.

Na kazi ya hatari. Kusimama kwenye ukingo wa dirisha ghorofa ya nne bila mkanda ili kufuta kioo kwa nje. Kuingia peke yako ndani ya simtanki na ndoo ya dawa ya klorini. Kuchanganya Jik na dawa ya choo yenye asidi "ili ing'ae zaidi", mchanganyiko unaotoa gesi ya klorini kwenye bafu lisilo na dirisha. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamwangalia mwajiri, na mwajiri ni wewe, siyo mama mwenye nyumba. Mteja akishikilia kwamba lazima ifanyike hivyo, mwache.

Yaliyobaki yote yanaweza kupimwa.

Njia ya kwanza: kubaki kwa masharti mapya

Hapa unakaa na mteja, au unamwandikia, na mnakubaliana upya. Usumbufu mwingi ninaoujua umezaliwa na neno moja, "usafi". Kwako ni kufagia, kudeki, kufuta vumbi na kusugua vyoo. Kwake ni pamoja na ndani ya friji, juu ya makabati na grili za madirisha. Hamkuwahi kuambiana.

Andika orodha ya chumba kwa chumba. Andika kwamba kabla vijana hawajaondoka, mwenye nyumba au dada wa nyumbani atazunguka nao na kuonyesha kilichosahaulika palepale. Andika muda wa kulalamika, mimi naweka saa 24, na kwamba kinachorudiwa bure ni kile kilicholalamikiwa, siyo nyumba nzima. Piga picha za kabla na baada. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, ila mkifika kwenye ubishi mdomo hauna ushahidi. Hata ujumbe wa WhatsApp aliojibu "sawa" unakusaidia.

*Mfukoni.* Haigharimu chochote zaidi ya jioni moja ya kuandika na ujasiri wa kuzungumza. Ikifanikiwa, zile safari za 18,000 zinakufa na mteja yuleyule anakuwa na faida.

*Kwa vijana.* Orodha inawalinda, maana mteja akidai pasi ya nguo zisizokuwemo, wanamwonyesha karatasi. Lakini usiiandike bila kuwauliza. Wao ndio wanaojua kwamba jiko lile linakula saa nzima. Na weka kipengele cha vitu kuvunjika. Wateja wengi husema tu "mkate mshahara wake". Hukati hivihivi: sheria ya ajira inataka hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, apewe taarifa ya maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mteja akilijua hilo mapema, chombo cha kauri cha marehemu bibi yake atakiweka kabatini mwenyewe.

*Jina.* Ndiyo njia isiyokuchafua kabisa. Wapo wateja walioanza kunisifia baada ya siku ya karatasi, siyo kabla.

*Inamfaa nani.* Mteja mpya, mteja mgumu lakini mlipaji, na wewe uliyeanza kazi bila kuandika chochote (ndivyo tulivyoanza karibu wote). Haimfai aliyekwisha kuvunja masharti yaliyoandikwa mara mbili. Kumwandikia ya tatu ni kumpa karatasi ya kufungia maandazi.

Njia ya pili: kupandisha bei

Hii ndiyo niliyoitumia vibaya. Nilikuwa na mteja wa Masaki aliyetuchosha, nikaona aibu kumwambia tuachane. Nikampigia hesabu ya karibu mara mbili ya bei ya zamani nikiamini atakataa mwenyewe. Akakubali bila hata kuuliza. Kuanzia siku hiyo kila vumbi likawa kesi, kwa hoja ambayo sikuwa na jibu lake: "Na hela yote hii ninayowalipa?" Miezi sita baadaye wafanyakazi wangu wawili wazuri waliacha kazi, na mteja nilikuwa naye bado. Nilikuwa nimemuuzia haki ya kutusumbua, tena kwa risiti.

Basi kupandisha bei kusitumike kumfukuza mtu. Kunafaa pale ambapo kazi yenyewe ni kubwa kuliko bei: nyumba ina mbwa watatu, iko kando ya barabara ya vumbi, au "saa nne" zimekuwa saa saba kila wiki. Hesabu hiyo unaweza kumwonyesha bila matusi. Kwa mfanyakazi wa kuajiriwa sheria inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku. Zikizidi, kila saa inalipwa mara moja na nusu. Mteja anayewaweka vijana hadi magharibi anatumia fedha yako, na ana haki ya kuambiwa.

*Mfukoni.* Ukipatia, ndiyo njia inayoleta fedha haraka. Ukipanga bei na kampuni, kumbuka kwamba itakukata kodi ya zuio, asilimia 5 ya malipo ya huduma, na kukupa hati ya makato. Hati hiyo itunze, ni kodi yako iliyokwisha kulipwa. Nimeona watu wakipandisha bei kwa asilimia 5 na kushangaa kwamba mfukoni hakuna kilichoongezeka.

*Kwa vijana.* Kama nyongeza yote inaishia kwako, hujatatua kitu. Anayesimamiwa nyuma ni yuleyule kwa posho ileile. Weka sehemu ya nyongeza kwenye posho ya nyumba hiyo na waambie wazi.

*Jina.* Utasemwa kuwa una bei kali. Hilo halijawahi kuua kampuni ya usafi.

*Inamfaa nani.* Mteja mwenye kazi nzito na tabia nzuri. Mwenye tabia mbaya na kazi nyepesi, bei haimponyi.

Njia ya tatu: kusimamisha kazi mpaka alipe

Kwa wadaiwa tu. Usisimamishe kazi kumwadhibu mtu kwa maneno yake makali, kwa sababu siku utakapoisimamisha kwa deni hatajua tofauti.

Kinachotufanya tuogope njia hii ni wazo kwamba tukisimama deni litapotea. Tunaendelea kudeki mwezi wa pili ili kulinda fedha ya mwezi wa kwanza, halafu mwezi wa tatu kulinda ya miwili. Mteja naye si mjinga. Ameshaona kwamba nyumba inasafishwa iwe amelipa au hajalipa, kwa hiyo fedha inakwenda kwa fundi wa gari, ambaye hatoi gari nje ya gereji bila kulipwa. Kanuni yangu ni deni lisivuke mwezi mmoja kwa nyumba. Kwa ofisi ni siku zilizoandikwa kwenye mkataba, maana ofisi zina mlolongo wa sahihi na mhasibu, na kuchelewa kwao si lazima iwe jeuri.

Ujumbe uwe mfupi na wa heshima:

"Shikamoo mama, natumaini mmeamka salama. Ankara ya mwezi uliopita, 320,000, bado haijalipwa. Naomba ilipwe kabla ya Ijumaa kwa lipa namba yetu ileile. Ikishindikana, Jumamosi hii vijana hawatakuja, na wataendelea mara malipo yatakapokamilika. Ahsante sana kwa ushirikiano."

Hakuna lawama humo, hakuna "mmetuchosha". Kuna kiasi, siku na kitakachofuata. Halafu Jumamosi vijana wasiende kweli. Ukiwapeleka "kwa mara ya mwisho", barua zako zote zijazo zitasomwa kama salamu.

*Mfukoni.* Unapoteza mapato ya siku chache ili usipoteze ya miezi. Mteja akikaidi, anza na mazungumzo kwenye serikali ya mtaa, kisha Mahakama ya Mwanzo kwa madai ya kiasi kidogo. Muda upo: madai yanayotokana na mkataba yana ukomo wa miaka 6. Ushahidi ni ankara, orodha ya siku mlizokwenda na ule ujumbe. Usishike funguo zake kama rehani. Hiyo inakugeuza wewe kuwa mkosaji.

*Kwa vijana.* Siku iliyosimamishwa ni siku bila posho kwao, na wao hawadaiwi. Tafuta kazi ya kujaza nafasi hiyo, hata kufua mazulia, au walipe nusu siku.

*Jina.* Atalalamika kwa jirani. Jirani naye huwa anamfahamu.

*Inamfaa nani.* Mteja ambaye kila kitu chake ni sawa isipokuwa tarehe. Kwa ofisi soma kwanza mkataba kama unakuruhusu kusimama. Ukisimama pasipo kipengele, wao ndio watakaokuandikia barua.

Njia ya nne: kuachana

Baada ya hapo kuna kuondoka. Si ushindi wala si kushindwa, ni kazi nyingine inayotakiwa kufanywa vizuri kama kusafisha.

Toa taarifa. Kwa nyumba wiki mbili zinatosha. Kwa ofisi fuata mkataba, mingi inataka siku 30. Maliza kazi iliyolipwa. Siku ya mwisho safisheni vizuri kuliko siku zote, pigeni picha, rudisha funguo mkono kwa mkono na upate saini inayoonyesha zimepokelewa. Nakazia funguo kwa sababu ikitokea kitu kimepotea miezi miwili baadaye, swali la kwanza litakuwa nani alikuwa na ufunguo.

Usimwandikie orodha ya dhambi zake. Nilijaribu mara moja, nikapata majibu yenye urefu wa insha na simu kutoka kwa shemeji yake. Sasa naandika hivi:

"Habari za asubuhi mama. Tumeshukuru kufanya kazi nyumbani kwako. Kutokana na ratiba yetu, hatutaweza kuendelea baada ya tarehe 28. Jumamosi mbili zilizobaki tutakuja kama kawaida, na siku ya mwisho nitaleta funguo mwenyewe. Nakutakia kila la heri."

Akiuliza sababu zaidi, rudia sentensi ya ratiba. Akitoa ofa ya bei, kumbuka mteja wangu wa Masaki.

Angalia pia majira. Mwisho wa Ramadhani na mwezi wa Desemba watu wanatafuta wasafishaji hadi wanagombana, kwa hiyo pengo linazibika haraka. Januari ni ada za shule, kila nyumba inabana matumizi, na mteja uliyemwacha mwezi huo unaweza kumkumbuka. Ila usimwache mtu siku mbili kabla ya Idi wageni wake wakiwa njiani. Hilo mtaa hausahau, na utakuwa na haki ya kutosahaulika.

*Mfukoni.* Mwezi wa kwanza unauma. Kwa mteja wa mfano wetu pengo halisi ni 54,000, siyo 320,000, na ukizigawa zile saa kwa wateja wengine unaweza kulifunika kwa nyumba moja ndogo. Kwa mteja anayebeba theluthi ya mapato mambo ni mengine: tafuta mbadala kwanza, kimyakimya, ndipo uandike.

*Kwa vijana.* Hakuna kikao cha kuwapa moyo kinacholingana na siku bosi anaposema "pale haturudi tena". Wanafanya kazi kwa wateja wengine kwa mkono mwingine kabisa. Upande wa pili, wakiona unaacha watu ovyo watafikiri kila lalamiko linaisha kwa kuondoka.

*Jina.* Hutegemea uliondokaje. Na usimsukumie mwenzako mteja huyo bila kumwambia ukweli. Kampuni za usafi hapa mjini zinafahamiana, na leo kesho utahitaji kuazima mashine ya zulia.

*Inamfaa nani.* Wewe uliyeshajaribu angalau njia moja kati ya zilizotangulia na una maandishi yake, uliyepiga hesabu ukaona faida imebaki kijichembe, au ambaye vijana wake wameanza kuugua kila Jumamosi ya nyumba hiyo. Nikiona mfanyakazi mzima anaumwa kichwa siku ileile kila wiki, siulizi tena kuhusu malaria.

Kwa hali yako

Kama umeanza juzi, una wateja watatu na mmoja ni msumbufu, mwekee masharti ya maandishi na umpe mwezi mmoja. Huna jina bado, na nusu ya ugumu wake huenda ni uchanga wako. Huo mwezi utakufundisha kuandika orodha utakayotumia kwa wote watakaofuata.

Kama lalamiko lake ni la kweli lakini analisema kwa ukali, rekebisha kazi kwanza, tabia yake baadaye. Wapo watu ambao wakishakuamini wananyamaza.

Mlipaji mzuri mwenye nyumba iliyowazidi nguvu, ongea bei. Peleka muda halisi wa wiki nne ulioandikwa, siyo malalamiko.

Ofisi inayochelewesha malipo na ndiyo uti wa mgongo wa mapato yako ni mtihani mgumu zaidi. Hapo ningefanya mambo mawili kwa pamoja: ningeandika barua ya kudai kwa kufuata mkataba, na ningetumia miezi mitatu kutafuta nyumba kumi ndogo. Ukishafika mahali ambapo ofisi hiyo ni robo tu ya fedha yako, utashangaa sauti yako kwenye simu inavyobadilika, na mara nyingine na wao malipo yao yanabadilika.

Msumbufu ambaye ni ndugu, jirani au mtu wa kanisani au msikitini kwenu ni suala la peke yake. Masharti ya maandishi ataona umemtukana, kusimamisha kazi kutafika kwa wazee. Kwa watu hawa mimi huenda moja kwa moja kwenye njia ya nne mapema, kabla ugomvi haujapata umri, na huenda ana kwa ana, siyo kwa simu.

Kama umeshamwekea masharti akayavunja mara mbili, umesimamisha kazi akalipa kwa matusi, na mwezi unaofuata yaleyale, andika ule ujumbe wa tarehe 28.

Na kuna yule anayepiga simu miezi mitatu baada ya kuachwa, sauti laini, anasema kampuni aliyoipata ilimwibia sabuni na anaomba mrudi. Huwa wanarudi zaidi ya unavyodhani. Simpi jibu siku hiyo. Namwambia nitamtafuta, halafu nawaita wale vijana wawili waliokuwa wakienda kwake, nawauliza kama wako tayari. Wakisema ndiyo, ndipo natoa karatasi ya orodha. Wakitazamana na kunyamaza, namjibu mama kwamba ratiba bado imejaa.